Alama kwenye Kopo: Somo kwa Kamati za Miradi za Sharika



Katika robo hii kamati tatu za miradi zimetuandikia zikiuliza jambo linalofanana: kwa nini bidhaa inayouzwa bila taabu kwenye soko la hapa kwetu inazuiliwa ikifika mpakani, wakati ni bidhaa nzuri na mnunuzi wa upande wa pili anaisubiri? Wafadhili nao wameuliza kwa namna yao: kwa nini bajeti ya mradi wa karanga ina fungu la jengo, vipimo na leseni lililo kubwa kuliko fungu la mashine? Maswali haya mawili yana jibu moja. Tumeona tulitoe kama somo, ili lisomwe kwenye vikao vya kamati lisibaki kwenye faili la ofisi.

Yaliyotupata

Wengi mnakifahamu kikundi cha akina mama wanaosaga karanga. Mwishoni mwa mwaka 2019 walipata mnunuzi wa Kenya aliyeagiza makopo 960 ya siagi ya karanga, yaani katoni 40. Kwa kikundi kilichozoea kuuza makopo 20 baada ya ibada ya Jumapili, hii ilikuwa habari kubwa. Walikopa kwenye VICOBA yao, wakanunua karanga, makopo na gesi, wakafanya kazi wiki tatu usiku na mchana.

Mzigo ulifika mpakani na haukuvuka. Kopo halikuwa na alama ya ubora. Lebo ilionyesha namba ya usajili ya TFDA, mamlaka ambayo tangu Julai 2019 haikuwa tena na kazi ya chakula, kwa sababu sheria ya fedha ya mwaka huo ilihamishia chakula na vipodozi TBS na mamlaka yenyewe ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Namba ya toleo la uzalishaji haikuwapo kabisa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, na ilishaanza kufutika kwa mafuta ya mikono.

Makopo yalirudi. Yaliuzwa nyumbani kwa nusu bei, na mkopo ulilipwa kwa miezi kumi na minne. Wanachama wawili walitoka kwenye kikundi. Mmoja wao alikuwa ameweka ada ya shule ya mtoto wake kama hisa.

Tunalazimika kusema wazi kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu sisi wa ofisi ya miradi. Ndio tuliowafundisha kwenye semina kwamba ndani ya Afrika Mashariki mipaka imefunguliwa. Tulikuwa tumesoma nusu ya habari.

Ushuru ni jambo moja, usalama ni jingine

Nusu tuliyoisoma ilikuwa ya kweli. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza Januari 2005, na Soko la Pamoja likaanza Julai 2010. Bidhaa inayotimiza masharti ya uasili, yaani iliyozalishwa kweli ndani ya nchi mwanachama, haitozwi ushuru wa forodha. Kwa wafanyabiashara wadogo upo utaratibu rahisi zaidi: mzigo wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, unaweza kuvuka kwa cheti cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani.

Lakini cheti hicho kinajibu swali moja tu, bidhaa imetoka wapi. Hakijibu kama mtu akiila atadhurika. Kwa swali hilo kuna meza nyingine mpakani, na mzigo mdogo unalipitia sawa na mzigo mkubwa. Sisi tulikuwa tumeandaa karatasi za meza ya kwanza.

Kuhusu meza ya pili, nchi wanachama zilitunga sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 inayohusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji. Maana yake kwa lugha ya kila siku ni hii: kila nchi ina shirika lake la viwango, kwetu TBS, Kenya KEBS, Uganda UNBS, Rwanda RSB na Burundi BBN, kila shirika linawajulisha wenzake alama linayoitoa, na bidhaa yenye alama hiyo ipokelewe na jirani bila kupimwa upya. Ukipimwa nyumbani, umepimwa.

Kivitendo haiwi hivyo siku zote. Wapo wafanyabiashara waliodaiwa vipimo vingine juu ya vile walivyokwisha kufanya. Hilo linahesabiwa kuwa kikwazo kisicho cha kiforodha, na Jumuiya ilitunga sheria ya kuviondoa vikwazo vya namna hiyo mwaka 2017. Kila nchi ina kamati yake ya kuvifuatilia, na malalamiko yanapokelewa. Ila anayeweza kulalamika ni yule mwenye alama. Kikundi chetu hakikuwa na la kusema.

Hapa tuingize neno dogo kuhusu ile mistari myeusi kwenye kopo, msimbomilia. Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha asali alituambia kwa furaha kwamba wao wana alama tayari, akatuonyesha mistari inayoanza na 620. Namba 620 inaonyesha kwamba mwenye bidhaa amesajili msimbo wake Tanzania, kama 616 inavyoonyesha Kenya. Inamsaidia muuza duka kwenye mashine yake. Haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya chupa. Msimcheke mwenyekiti huyo. Sisi wenyewe tuliwahi kuandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba vikundi viwili "vimepata alama", na vilikuwa vimepata misimbomilia.

Safari ya kupata alama

Baada ya hasara ile kikundi kilianza upya. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, ambako anapewa barua ya utambulisho, na kwa njia hiyo wadogo wamekuwa wakihudumiwa na TBS bila ada za kawaida katika miaka ya mwanzo. Baada ya maombi mkaguzi huja kuona mahali pa kazi, sampuli huchukuliwa na kupelekwa maabara, na majibu yakiwa mazuri hutolewa leseni ya kutumia alama.

Ukisoma hivyo unaona ni jambo la wiki chache. Kwetu lilichukua zaidi ya mwaka, na sehemu kubwa ya muda huo hatukuwa tunasubiri ofisi yoyote. Tulikuwa tunabishana kuhusu jiko. Kikundi kilikuwa kinasagia karanga katika jiko la usharika, lile lile linalopikiwa pilau ya harusi kila Jumamosi. Mkaguzi alitueleza kwa upole kwamba hapo hapawezi kupita: kuni na majivu, paka, watu wanaoingia na viatu vya shambani, na karanga mbichi zinapita mlango mmoja na kopo lililojazwa tayari. Baraza la wazee lilikaa mara tatu kabla ya kukubali kutoa chumba cha stoo. Kuna mzee aliyeuliza kama sasa serikali inatupangia jiko la kanisa. Swali lake halikuwa la kipuuzi, maana jiko lile lilijengwa kwa michango ya waumini kwa ajili ya shughuli zote. Hatimaye stoo ilipatikana, ikawekewa dari, sakafu inayosafishika, wavu madirishani, mlango wa pili na bomba la maji ya kunawa. Wafadhili, fungu mlilouliza lilikwenda huko kwanza, kabla hata ya maabara.

Kitu kingine ambacho kamati nyingi hazikijui ni kwamba leseni inafungwa kwenye bidhaa na mahali ilipozalishwa. Haifungwi kwenye kikundi. Akina mama hawa hawawezi kubandika alama ile ile kwenye karanga za kukaanga kwa sababu tu wanazitengeneza wao. Wakihama jengo, watoe taarifa. Wakianza kuongeza sukari au asali ndani ya siagi, watoe taarifa pia.

Na lebo je? Kanuni za Afrika Mashariki za chakula kilichofungashwa zinataka mambo ambayo hayana gharama kubwa: jina la bidhaa, viungo vyake, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe, na maelezo ya kuhifadhi. Namba ya toleo ndiyo iliyodharauliwa zaidi na vikundi vyetu, na ndiyo yenye faida kubwa. Ikitokea kopo moja lina kasoro, bila namba hiyo mtarudisha makopo yote ya mwaka mzima. Mkiwa nayo mtarudisha ya siku moja.

Ushauri wetu mwingine ni wa fedha tu. Kikundi kilikuwa kimechapa lebo 5,000 kwa sababu kiwandani waliambiwa kwamba nyingi ni nafuu. Mamlaka ilipobadilika, zaidi ya nusu zikawa za kuwashia moto. Chapeni za miezi minne.

Sumukuvu haina mpaka

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni urasimu. Tunaomba wasome sehemu hii polepole.

Karanga na mahindi hushambuliwa na ukungu unaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Ukungu huo hupenda mazao yaliyopata ukame shambani, yaliyopasuka, au yaliyokaushwa juu ya udongo na kuwekwa ghalani yakiwa na unyevu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 walifariki. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20. Hao ni waliokula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi huongezewa hatari ya saratani ya ini.

Kiwango cha Afrika Mashariki ni kwamba jumla ya sumukuvu isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja. Ni sawa na gramu 1 katika tani 100 za karanga. Hakuna jicho linaloweza kuona kiasi hicho, wala ulimi unaoweza kukionja, na kukaanga hakuiondoi yote. Umoja wa Ulaya kwa karanga za kuliwa moja kwa moja unataka zisizidi mikrogramu 4. Kwa hiyo marafiki wanaotuuliza kwa nini siagi hii isiletwe kwenye maduka ya Ulaya wajue kwamba si suala la usafiri peke yake.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza sumu hii ni ya mikono. Kukausha juu ya turubai au kichanja hadi karanga zilizobanguliwa zifikie unyevu wa asilimia 7 hivi. Kuchagua punje moja moja na kuondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, maana sumu nyingi huwa imejikusanya kwenye punje chache. Sampuli ya kwanza ya kikundi ilikataliwa maabara. Ya pili, baada ya kuweka akina mama wanne wa kuchagua tu, ilipita. Walipoteza kama kilo 9 katika kila gunia, na tulishindana kwa muda mrefu kuhusu zile kilo 9. Mmoja alitaka ziuzwe kwa wafuga kuku. Hapana: kuku nao huugua. Zinachomwa au kufukiwa.

Machi 2021 somo hili liliwafikia hata wasiohusika na karanga. Tarehe 5 mwezi huo Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalijipanga mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi kile kiwango cha 10. Kanuni yenyewe haikuwa mpya. Kilichobadilika ni kwamba sasa ilidaiwa. Vikundi vyetu vilivyokuwa na mahindi ya kuuza havikuwa na kipimo hata kimoja, na madalali waliokuwa na vyeti walinunua mahindi hayo hayo kwa bei waliyoipanga wao.

Magari ya mbao na herufi mbili

Upande wa pili wa somo unatoka kwenye karakana ya useremala ya chuo chetu cha ufundi. Vijana hutengeneza magari na wanyama wa mbao, na usharika rafiki wa Ujerumani umekuwa ukiviuza katika duka lake, na sehemu kuviuza kwa wenzao wa Uingereza.

Kitu cha kuchezea mtoto kinachouzwa Ulaya lazima kiwe na alama ya CE, herufi zisizopungua urefu wa milimita 5. Alama hii si sawa na ya TBS. TBS wanapima, kisha wanakupa. CE anaiweka mtengenezaji mwenyewe, akitangaza kwa saini yake kwamba ametimiza sheria, na kutunza faili la ushahidi kwa miaka 10. Kwa bidhaa za hatari zaidi lazima taasisi iliyoidhinishwa ihusike. Marafiki wa Ujerumani walilipia vipimo, na tulijifunza mengi: rangi tuliyokuwa tunatumia ilikuwa ya milango ya chuma, tukaiacha na sasa tunapaka mafuta ya mbegu tu, na magurudumu ya gari dogo yaliongezwa ukubwa, maana kwa mtoto chini ya miaka mitatu hairuhusiwi kipande kinachoweza kuzama kwenye kipimo cha upana wa milimita 32 hivi, mfano wa koo lake.

Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya na kipindi cha mpito kuisha tarehe 31 Desemba 2020, ilianzisha alama yake yenyewe, UKCA, kwa Uingereza, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ilibaki na CE. Mtaalamu mmoja wa ushauri alituambia katikati ya 2021 kwamba CE ingekataliwa kuanzia Januari iliyofuata. Tuliogopa, maana tulishaungua na karanga. Tukachongesha chuma kipya cha kuchomea herufi za UKCA, tukapiga chapa mzigo wote. Ulipofika Ujerumani haukuweza kuwekwa dukani, kwa sababu UKCA huko haina maana yoyote. Na huko Uingereza kwenyewe tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi mwisho wa 2022, kisha mwisho wa 2024. Agosti 2023 serikali yake ikatangaza kwamba CE itaendelea kukubaliwa bila ukomo kwa bidhaa nyingi, vitu vya watoto vikiwamo, na sheria ya jambo hilo ikaanza kazi Oktoba 2024. Chuma kile kiko kabatini.

Kwenye karanga tulilala; kwenye magari ya mbao tulikimbia kabla hatujaona njia. Tunavyoona sasa, kuna jambo moja lililobadilika kweli Uingereza tangu siku ya kwanza, na mtaalamu wetu hakulitaja kabisa: rafiki wa Uingereza, ambaye zamani alikuwa anapokea tu bidhaa kutoka Ujerumani, sasa alikuwa mwagizaji kutoka nje, na jina lake na anwani yake vilipaswa kuonekana kwenye bidhaa au karatasi zake. Kanuni za mpaka zikibadilika, ulizeni kwanza nani sasa anabeba dhamana, kabla ya kuuliza alama gani ibandikwe.

Hili linawahusu pia marafiki wanaouza vikapu na vitambaa vya batiki. Tangu tarehe 13 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya una kanuni mpya ya usalama wa bidhaa kwa ujumla, inayotaka awepo mtu au taasisi ndani ya Umoja anayewajibika kwa bidhaa, hata ile isiyohitaji CE. Mauzo ya hisani ya mara moja moja huangaliwa tofauti na biashara, lakini duka linalofunguliwa kila wiki ni duka. Tunawaomba mtujulishe kwa barua nani atakuwa mwajibikaji, kabla hatujafunga katoni za Krismasi.

Mahali tulipo sasa

Kikundi cha karanga kina leseni. Mzigo wa pili, makopo 480, ulivuka, na mnunuzi amelipa. Faida bado ni ndogo, kwa sababu vipimo na ukaguzi vinarudi kila mwaka na nafuu ya miaka ya mwanzo ina mwisho wake. Hii ndiyo sababu hatukukubali leseni iandikwe kwa jina la dayosisi, ingawa baadhi ya wanakamati walidhani ingekuwa na heshima zaidi. Mradi wa wafadhili utafungwa siku moja, na siku hiyo mwenye leseni ndiye atakayepaswa kuendelea kulipa na kujibu. Akina mama wameanza kuweka shilingi 100 kwa kila kopo kwenye akaunti ya vipimo. Mweka hazina wao ametuambia hataki kusikia tena neno "semina".

Kwa kikao kijacho tunaomba kila kamati ije na kopo, chupa au mfuko mmoja wa bidhaa ya kikundi chake kama inavyouzwa leo, pamoja na nakala ya leseni kama ipo. Tutaziweka mezani na kuzikagua pamoja, tukiuliza: namba ya toleo iko wapi, jengo lililoandikwa kwenye leseni ndilo linalotumika, na fedha za kipimo cha mwaka kesho zimekaa kwa nani. Kikundi cha asali kilete na ile misimbomilia yake.